UZI: Miaka 14 nanunua mahindi Uganda, sasa naelewa kwa nini mikoa mingine haitoki kwenye umaskini (na mimi nimo)

Mizani_Busia:

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamkasirikia.

Juzi kuna mtu aliweka humu zile takwimu za umaskini za mikoa, na komenti ya kwanza kabisa chini yake ikawa ati hawa wa kaskazini wanalewa asubuhi ndio maana. Nilikuwa ndani ya lori karibu na Karuma, nikaanza kumjibu kwa kidole kimoja, barabara mbovu simu inaruka, nikasema wacha nifike nyumbani nioge kwanza. Nimeoga. Tuanze.

Mimi ni mnunuzi wa mazao. Kwangu ni Busia upande huu wa Uganda, nanunua mahindi, soya na simsim, lori likijaa linavuka kwenda Kenya au naliuza kwa wenye vinu hapa hapa. Njia yangu ni Iganga, Mbale, Soroti, Lira, Oyam, Gulu, na mara moja moja navuka Pakwach mpaka Nebbi na Arua. Mbarara na Masaka nakwenda kwa shida zangu nyingine. Kwa hio nchi hii naijua kwa magunia.

Takwimu zenyewe nitazitaja haraka. Mwaka 1992/93 waliohesabiwa maskini walikuwa 56 kwa kila watu 100. Mwaka 2023/24 wamebaki 16. Hapo mtu wa serikali akipiga kifua hadanganyi, nchi imetembea kweli. Lakini hiyo 16 ni sawa na kuchukua pesa yangu na ya tajiri mmoja wa soko la Kikuubo kule Kampala mkazijumlisha mkagawanya kwa mbili, halafu mkaniambia hongera bwana. Karamoja mwaka huo huo ni kama 74 kwa 100. Kampala ni kama mmoja kwa 100. Nchi moja, bendera moja, bodaboda zile zile.

Mimi kipimo changu ni sabuni. Usicheke. Ukienda duka la Mbarara mtu anaomba mche mzima. Lira anaomba nusu mche. Ukipita Iriri kuelekea Moroto, huko Karamoja, utakuta mwenye duka ameshakata mche kwa waya vipande vidogo kama biskuti, amevipanga kwenye sahani vinasubiri, maana hakuna anayekuja na pesa ya zaidi ya hapo. Na yule anayenunua kile kipande, ukipiga hesabu, kwa gramu analipa zaidi ya yule wa Mbarara. Hio sahani ya sabuni ndio nataka tuizungumzie leo.

Kuna mama mmoja Oyam nanunua kwake tangu mwaka wa kwanza. Kila Agosti hadithi ni moja. Mahindi ametoa shambani juzi, hayajakauka vizuri, nang'ata punje na jino, ikikubali bila kulia najua maji bado yamo, nakata bei. Namwambia mama hii ni mia sita kwa kilo. Yeye anajua ni bei mbaya, mimi najua ni bei mbaya, mpaka turnboy wangu anajua maana anatazama pembeni. Lakini muhula wa tatu unafungua Septemba na mtoto hawezi kurudi shule bila fizi, yaani karo. Anauza. Magunia manane, wakati mwingine tisa. Jirani yake naye anauza wiki hio hio, na yule wa ng'ambo ya barabara, kijiji chote, kwa sababu shule zote zinafungua siku moja. Sasa mnunuzi akikuta kijiji chote kinauza siku moja anafanya nini? Anashusha bei. Ndio kazi yangu hio, sijifichi.

Sasa sikilizeni. Mwaka juzi mwezi wa tano nilipita senta yao nimeleta mzigo, nikamkuta yule mama dukani ananunua mahindi ya punje akasage. Kilo elfu moja na mia tatu. Na gunia lililokuwa wazi pale mlangoni lilikuwa na alama yangu, mimi huandika kwa wino mweusi mstari mbili na duara. Sisemi yalikuwa ya shamba lake, lakini yalitoka upande huo huo, yakaenda Busia, yakalala stoo yangu, yakarudi. Alinisalimia vizuri tu, akauliza mke wangu hajambo. Nilishindwa hata kunywa soda.

Mkoa maskini kwa macho yangu ni mkoa unaouza wote siku moja na kununua wote siku moja. Hayo mengine yote, vita, ardhi, barabara, shule, ni sababu za kwa nini yule mama hawezi kusubiri miezi minne. Karibuni.

Kijana_Mbarara:

Mzee heshima yako lakini hapo kwa uvivu umeruka. Sisi huku tulianza na nini? Babu yangu alikuwa na ng'ombe wale wa pembe ndefu wanatoa kikombe kimoja cha maziwa, tukabadilisha mbegu, tukaweka fensi, leo asubuhi lori la maziwa linapita mpaka getini. Serikali haikutuletea ng'ombe kwa sinia. Watu wengine wanapenda kulia.

Mchochezi256:

Naweka kiti hapa. Chai iko wapi

Mizani_Busia:

@Kijana_Mbarara umenipa jibu wewe mwenyewe. Babu yako alikuwa na ng'ombe. Walibaki.

Nenda Teso, huku mashariki, uulize wazee wa rika la babu yako. Wale walikuwa wanalima kwa ng'ombe na plau tangu enzi za Mwingereza, pamba ya Teso ilikuwa inajaza mabehewa. Ng'ombe ndio alikuwa trekta, ndio benki, ndio mahari, ndio fizi. Mtoto akifika sekondari unauza dume moja basi, mahindi hayaguswi. Halafu kuanzia 1986 hivi wizi wa ng'ombe ukaingia, Teso, Lango, Acholi, zizi zima linaondoka usiku mmoja, miaka michache tu wilaya nzima haina mifugo. Mtu aliyekuwa analima eka sita kwa plau anarudi kwenye jembe la mkono, eka moja na nusu ndio mwisho wa nguvu zake. Mpitaji anaona shamba limelala anasema hawa wavivu.

Na hapo sijafika kwa Kony na waasi wake wa LRA. Acholi watu waliwekwa kambini, vita vilipokolea waliohama makwao huko kaskazini walifika kama milioni 1.8. Mapigano yalisimama 2006 mazungumzo ya Juba, Sudan Kusini, yalipoanza. Hesabu mtoto aliyezaliwa kambini 1996. Miaka kumi anakula chakula cha mgao, hajaona baba akichagua mbegu wala kusoma mawingu. Anarudi kwenye ardhi ya babu, babu ameshakufa, mpaka wa shamba ulikuwa mti na mti umekatwa wa kuni. Kesi za ardhi huko mpaka leo ni za aina hio.

Ndio maana 2016/17 Acholi maskini walihesabiwa kama theluthi moja, na miaka mitatu baadaye, 2019/20, ikaja karibu 68 kwa 100. Watu hawakugeuka wavivu kwa miaka mitatu bwana. Ni kwamba wengi walikuwa wamesimama ukingoni, mvua ikikosea kidogo au soko la Juba likifunga, wanaanguka kundi zima.

Mnubi_wa_Arua:

Assalam aleikum. Mimi ni mtu mzima kidogo humu, mtanivumilia nikienda nyuma.

Baba yangu alitoka huku West Nile akaenda kukata miwa Lugazi. Hakwenda kwa kupenda. Enzi za Mwingereza kusini walipewa pamba na kahawa, huku kwetu na Acholi tukaambiwa nyinyi kazi yenu ni mikono, jeshi, polisi na mashamba ya miwa. Reli ilifika Kampala 1931. Pakwach ilifika miaka ya 60, nchi imeshapata uhuru. Sasa mtu ambaye mzigo wake ulikuwa unafika Mombasa kwa treni miaka thelathini kabla ya wako, na leo mnakimbia mbio moja, atakushinda na bado atasema ni juhudi zake.

Tena Buganda kule ule mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa wakubwa waimiliki moja kwa moja, ndio inaitwa mailo, ina matatizo yake, mwenye kibanja (anayelima juu ya ardhi ya mwingine) na mwenye ardhi wanavutana mpaka leo, lakini kahawa ilipandwa na mti wa kahawa ukishashika unakaa miaka. Juzi bei ya kahawa ilipopanda kama wazimu kilo ikapita elfu kumi, wa Masaka walijenga nyumba. Sisi tulikuwa na tumbaku. Tumbaku ilikata miti yetu kukausha majani, ikatuachia kikohozi, kisha wanunuzi wakapungua tukabaki tunatazamana.

Na 1979 Amin alipoanguka West Nile ilikimbia karibu yote, Sudan na Zaire, mimi nilikuwa mtoto nimebebwa. Tulirudi miaka ya katikati ya 80 nyumba ni majani. Umeme wa taifa umetufikia juzi juzi tu, miaka yote ilikuwa jenereta saa chache za jioni, sasa mtu wa saluni au wa kuchomelea vyuma atashindana vipi na Jinja?

Barabara nayo. 2024 daraja la Karuma la kuvuka Nile kuja kaskazini, lile la 1963, lilifungwa miezi mitatu kutengenezwa, malori yakazungushwa mbali. Nina duka dogo. Sukari nilipandisha, saruji jirani yangu alipandisha. Daraja moja! Ungefunga daraja moja Mbarara wangepita lingine.

Mizani_Busia:

Muzee shikamoo. Hio ya Karuma mimi ndio nilikuwa nazunguka. Na mafuta ya mzunguko nilimkata mkulima, nilishusha bei ya kununua. Sikumkata mwenye kinu, yeye ana simu za wanunuzi wengine kumi. Barabara mbovu hulipwa na yule asiye na mahali pengine pa kuuza.

Dada_Iganga:

Sasa mimi naomba niharibu hii stori nzuri kidogo 😅

Mizani unasema vita, ng'ombe, barabara. Sisi Busoga hatukupigana na mtu. Tuna ziwa, tuna Nile inaanzia kwetu, bwawa la umeme Jinja lilifunguliwa 1954 na malkia wa Uingereza mwenyewe, barabara kuu ya kwenda Mombasa inapita mlangoni kwetu. Na kwenye zile takwimu za 2016/17 tulikuwa mkiani pamoja na Bukedi na Karamoja. Elezeni hio.

Mimi nitawaeleza kwa upande wa jikoni. Nimeolewa kijiji kimoja wilaya ya Luuka. Nilipofika mwaka 2009 nyuma ya nyumba kulikuwa na viazi vitamu, mihogo, migomba, mihindi, na muembe. Leo nikifungua dirisha naona muwa. Nikifungua mlango muwa. Muwa umefika mpaka choo. Mume wangu alikodisha ardhi yote kwa mtu mwenye trekta, miaka mingi mbele, pesa akapewa mkupuo mmoja akanunua pikipiki, pikipiki ikafa. Muwa unakaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa, na ukiiva ukachelewa kupelekwa kiwandani unakauka uzito unashuka, kwa hio na huko nako tunauza siku moja wote kama wewe ulivyosema, foleni ya matrekta na bei ni ya kiwanda. Na katikati ya huo mwaka na nusu watoto wanakula nini? Hakuna mtu anakula muwa chakula cha jioni. Nanunua viazi vitamu sokoni. Mimi! Msoga ananunua viazi!

Na hapo kwa kuamua kukodisha, mimi sikuulizwa. Ardhi ni ya ukoo wake. Mimi nalima, napalilia, navuna, karatasi haina jina langu wala alama ya kidole changu. Kwa hio mkisema "mkulima anaamua kuuza" muulize kwanza ni mkulima gani katika nyumba.

Viwanda vya Jinja nalo jina tu. Mama yangu alikuwa na shangazi kiwanda cha nguo, enzi hizo kuna kantini, kuna nyumba za wafanyakazi. Wahindi walipofukuzwa 1972 vikaanza kuyumba, baadae miaka ya 90 na ule ubinafsishaji ushirika wa pamba nao ukafa, bodi ya kununua pamba ikafa, ndio mkaingia nyinyi wenye mizani zenu.

Na watoto. Tunazaa wengi, wacha niseme ukweli. Eka tatu za babu zimegawanywa kwa wana sita, kila mmoja akagawia wanawe, sasa mtu ana shamba la kuanikia nguo. Shule zilipofungwa na korona Machi 2020 mpaka Januari 2022, kwenye barabara yetu tu nahesabu wasichana saba hawakurudi, wanne walikuwa na matumbo. Wavulana walikwenda kukata muwa na wakishaonja pesa ya siku hawataki tena kitabu.

Mchochezi256:

"Muwa umefika mpaka choo" nimekufa 😂😂 pole lakini dada

Kijana_Mbarara:

Dada_Iganga hapo nimekuelewa kuliko mzee wa mizani. Kwetu pia mama hana jina kwenye karatasi nisidanganye. Tofauti ni maziwa, maziwa yanalipa kila siku au kila wiki. Nikifikiria ni kweli hatungoji mwaka na nusu.

Mizani_Busia:

Dada umeniumiza na "mizani zenu" lakini ni haki yako.

Na @Kijana_Mbarara hio ya maziwa ishike vizuri, umegusa kitu. Pesa inayoingia kidogo kidogo kila wiki ni tofauti na pesa inayoingia mara moja kwa mwaka. Ya kila wiki inalipa daktari. Ya mara moja inakuta madeni yanasubiri mlangoni.

Mwalimu_Moroto:

Habari zenu. Nilikuwa nasoma kimya. Mimi sio Mkaramoja, natoka Mbale, niko huku mwaka wa tisa nafundisha primari.

Mkitaka kujua huku, anzeni na mvua. Nyinyi mna misimu miwili, huku ni mmoja na wenyewe haujulikani kama utakuja. Mtama ukikosa mwezi wa nane hakuna mwezi wa kumi na mbili wa kujaribu tena. Zamani walikuwa wanatatua kwa kuhama na ng'ombe, hapa pakikauka wanakwenda kule. Halafu serikali ya mkoloni ikachora mipaka, sehemu ikawa ya wanyama pori, Kidepo ikafanywa mbuga ya taifa 1962, kuhama kukawa kosa. Bunduki zikaingia, wizi wa ng'ombe ukawa wa risasi, jeshi likaja kunyang'anya silaha, pakatulia miaka kadhaa, kuanzia 2019 ukarudi. Sasa mwenye ng'ombe anamlaza kando ya kambi ya jeshi alindwe, kumbe ng'ombe na maziwa viko mbali na watoto. Mtoto hapati maziwa ilhali baba ana ng'ombe kumi. Mnaona hio?

Darasani kwangu siku uji upo nina watoto sabini. Siku mgao wa chakula umechelewa, kumi na mbili. Wengine asubuhi wanakuja wamekula machicha ya kwete, yale mabaki ya pombe ambayo mama amepika auze. Wanasinzia. Yule aliyeandika komenti ya kulewa asubuhi pengine aliwaona hawa. Mtoto wa miaka nane analala kwenye dawati kwa sababu machicha ndio chakula kilichokuwemo ndani ya nyumba, mnaita ulevi.

Na kila siku nikiwa barabarani nasubiri gari naona malori ya mawe ya marumaru yanatoka Moroto yanashuka chini yamejaa. Yanakwenda. Dhahabu nayo ipo, wanawake wanachimba kwa vyuma na kubeba maji kichwani kuosha mchanga. Mawe yanaondoka hivyo hivyo ghafi, kazi nzuri ya kuyakata iko huko yanakokwenda.

2022 watu walikufa njaa huku. 2023 mabati ya kuwasaidia hao hao yakaishia kwa wakubwa Kampala, mpaka mawaziri wakashtakiwa, nchi nzima ilisoma. Sitaongeza.

Katwe_Mjini:

Mwalimu pole sana, kazi yako ni ngumu.

Ila mimi napinga hio ya Kampala mmoja kwa mia. Mje Katwe mje Bwaise mvua ikinyesha. Mtu ana muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, mke, watoto wanne, kodi mwezi, choo cha kulipia, maji ya jerikani ya kununua. Kwa sababu ananunua kila kitu kwa pesa anaonekana anatumia pesa, basi sio maskini? Na wale watoto wa kutoka Napak, Karamoja, wanaoomba barabarani hapa wamehesabiwa wapi, huko au huku?

Mizani_Busia:

Swali zuri. Ila nakuuliza na wewe, kwa nini watoto wa Napak wanakuja Katwe na wa Katwe hawaendi Napak? Huku hata taka ina bei, chuma chakavu kina bei, chupa tupu ina bei. Mtu anakimbilia mahali ambapo senti inapita hata kama inapita juu ya kichwa chake.

Katwe_Mjini:

Hapo umenifunga

Mnubi_wa_Arua:

Na hii pesa ya parishi je? PDM, ule mkopo wa serikali. Ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, kila parishi ikapangiwa milioni mia moja kwa mwaka, mtu milioni moja, riba asilimia sita kwa mwaka. Kwangu naona ni afadhali kuliko NAADS na Emyooga, miradi mingine ya serikali, hizo nyingine pesa haikufika kijijini kabisa.

Mizani_Busia:

Muzee nakubaliana nusu. Riba ya sita kwa mwaka ni zawadi, wakopeshaji wa senta wanataka kumi kwa mwezi. Lakini angalia, ilipoanza parishi ya Kampala ilipangiwa milioni mia, parishi ya Napak milioni mia. Kipimo kimoja kwa mwenye sabuni mche mzima na mwenye kipande. Halafu milioni ikifika mtu anaambiwa chagua mradi, kuku, nguruwe, mbuzi. Jamaa mmoja nilimkuta njia ya Kamdini amenunua vifaranga mia moja, kideri, ule ugonjwa wa kuku, ikapita, wiki ya tatu amebaki na mabanda. Deni liko pale pale. Hakuna hata mmoja niliyekutana naye aliyesema nimechukua milioni ili nisiuze mahindi Agosti. Na hio ndio ingemlipa kuliko kuku wote, mahindi ya mia sita yanalala tu stoo yanakuwa elfu na mia tatu, hayaugui kideri.

Ingawa nayo isiwe hadithi tamu. Mahindi yasipokauka yanaota kuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu kuvu, siku chache tu wakalegeza na masharti, lakini mimi nilikuwa na lori mbili mpakani. Wiki hio bei ilianguka mpaka Lira, mtu ambaye hajawahi kusikia hata neno aflatoksini alilipia. Kukausha kunataka turubai, turubai linataka pesa, tunarudi kwenye sahani ya sabuni.

Dada_Iganga:

Mizani nikuulize kitu usikwepe. Wewe umejua haya yote, ulimfanyia nini yule mama wa Oyam? Au ulikunywa soda ukaondoka?

Mizani_Busia:

Nilijua swali litakuja. Sikumfanyia kitu. Nikinunua mahindi Agosti kwa elfu moja kwa huruma, wenzangu kwenye soko wananimaliza kwa mwezi mmoja, na mke wangu pia anataka fizi. Huo ndio ukweli wake.

Ila yeye alijifanyia. Wana grupu la kina mama thelathini, wanaweka akiba kila Jumapili baada ya misa, wana lile sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo kwa mama watatu tofauti. Mwaka huu Julai walikaa wakaamua, fizi ya Septemba itoke kwenye sanduku kama mkopo, mahindi yasiguswe. Wakachanga wakanunua maturubai, wakakodi chumba cha duka lililofungwa pale senta, wakapanga mbao chini magunia yasiguse sakafu. Mimi nikafika Agosti kama kawaida na lori, nikakuta vijiji vya jirani wanauza, kwao kimya. Nikampigia. Ati mwanangu bado hayajakauka. Septemba nikapiga, nikaongeza mia mbili. Akacheka. Akaniambia watu wengine kutoka Lira pia wamepiga. Mwezi wa kumi na moja nikafika elfu moja bado wanasema tunashauriana.

Katwe_Mjini:

😂😂😂 mzee umepatikana

Mwalimu_Moroto:

Sanduku huku tunalo pia, kwa wanawake wanaouza makaa. Shida ni kwamba mwaka wa ukame wote wanakopa siku moja, linabaki kufuli.

Mizani_Busia:

Mwalimu hio ni kweli na sina jibu lake. Oyam kuna mvua mara mbili.

Juzi Jumamosi ndio amenipigia mwenyewe. Elfu moja mia mbili na hamsini, magunia mia moja na arobaini kwa pamoja, pesa mkononi, hakuna kuandika deni. Nikasema sawa mama nakuja Jumatano na mizani yangu. Kimya kidogo kwenye simu, nasikia wanaongea Kilango nyuma. Halafu akasema njoo tu mwanangu, mizani tumeshanunua yetu.